Nani Anakata Shauri? Ujamaa, Mapinduzi na Watu wa Mwambao wa Kigoma



Nimeombwa nizungumzie fikra za kimapinduzi na njia mbadala ya ubepari. Mada hii huzoeleka kuelezwa kwa habari za mbali: Paris mwaka 1871, Urusi mwaka 1917, Kuba mwaka 1959. Mwaka huo wa 1871, wakati wafanyakazi wa Paris walipoushika mji wao kwa wiki chache kisha wakauawa kwa maelfu, hapa Ujiji Stanley alimkuta Livingstone. Watoto wetu wanafundishwa habari za wazungu hao wawili kukutana, na mnara umejengwa. Mimi leo nitazungumza juu ya watu waliokuwa wakiishi hapa siku ile na juu ya watoto na wajukuu wao, kwa sababu wamepitiwa na ubepari na wamepitiwa na majaribio ya kuuondoa, na yote mawili wameyalipia.

Nianze na ubepari wenyewe. Haukungoja reli. Katika miaka ya 1870 soko la Ujiji lilikuwa na fedha yake, shanga zilizoitwa sofi, na walikuwapo watu ambao kazi yao ilikuwa kubadilisha shanga hizo kwa vitambaa na bidhaa nyingine. Misafara iliyofika hapa kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilitembea kwa mikopo. Tippu Tip, mashuhuri kuliko wote, alikopeshwa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Deni lile likavuka ziwa mpaka Manyema kutafuta pembe za ndovu na watu. Pembe zikaenda kuwa funguo za piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Mwanamke aliyetekwa ng'ambo akavushwa ziwa na kupitishwa hapa kwa miguu kuelekea pwani hakumwona kamwe aliyetoa mkopo, na aliyetoa mkopo hakumwona yeye. Shauri lilikatwa mbali, gharama ikalipwa hapa. Naomba tulishike jambo hilo, maana ndilo nitakalopimia kila kitu kingine jioni hii.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Chini ya Waingereza, mkoa huu ulifanywa ghala la vibarua. Kodi ilidaiwa kwa shilingi, lakini kilimo cha mazao ya biashara hakikutiliwa nguvu huku kama kilivyotiliwa Kilimanjaro au Bukoba. Shilingi ilikuwa kwenye mkonge, Tanga na Morogoro, na kijana wa Buha, nchi ya Waha wa mkoa huu, ilimbidi aifuate huko. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na manamba, yaani vibarua wa mkataba, wakapakiwa kwenye mabehewa kwa utaratibu. Kibarua alipewa kadi ya kazi iliyoitwa kipande, na kipande kilijaa baada ya siku 30 za kazi iliyokamilika, si siku 30 za kalenda. Siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa. Laurent Sago, mwanahistoria aliyeandika pamoja na Walter Rodney na Kapepwa Tambila kitabu juu ya manamba kilichotoka mwaka 1983, aliishughulikia Kigoma hasa, na ningependa kila shule ya sekondari ya mkoa huu iwe na nakala yake.

Mwenye mkonge alilipa siku za kazi tu. Nani alimlea kijana yule mpaka akawa na nguvu za kukata mkonge? Nani alimpokea aliporudi amekonda, anakohoa? Ni jembe la mama yake na la mkewe, katika shamba la mihogo na maharage kule Kasulu au Kibondo. Mshahara ule uliwezekana kuwa mdogo kiasi kile kwa sababu wanawake wa Buha waliubeba upande wa pili wa hesabu bila malipo. Nimesoma nadharia nyingi juu ya unyonyaji zilizoandikwa Ulaya, na bado naona hakuna maelezo yaliyo wazi kuliko hayo ya shamba la mihogo.

Kuna jambo jingine la miaka ile ambalo halisemwi sana. Kuanzia mwaka 1933 Serikali ya kikoloni iliwahamisha maelfu ya watu wa Buha kutoka makazi yao yaliyotawanyika, ikawaweka pamoja kwa sababu ya malale. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na mbung'o walikuwa wa kweli, na wapo waliopona kwa sababu ya kuhamishwa. Lakini ramani ilichorwa bomani. Mwenye kaya aliambiwa siku ya kuondoka na mahali pa kujenga. Kwa hiyo amri ya kuhama ilipokuja tena, kwa malori, miaka karibu 40 baadaye, ikiwa na bendera nyingine na maneno mengine, wazee walikuwa wameyaona mambo hayo.

Kabla ya kufika kwenye malori hayo, tuvuke ziwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965, Wakuba 14 waliondoka hapa Kigoma kwa mashua, wakafika alfajiri Kibamba, upande wa Kongo. Walipewa majina ya Kiswahili kwa kuhesabu: Moja, Mbili, Tatu. Tatu alikuwa Ernesto Che Guevara, aliyeacha uwaziri Kuba ili awasaidie wapiganaji walioinuka mwaka 1964 dhidi ya serikali ya Kongo. Tanzania iliwaunga mkono, silaha zikapitia bandari yetu. Wakuba wakaongezeka mpaka kuzidi mia moja. Tarehe 29 Juni walishambulia kambi ya kituo cha umeme cha Bendera, wakashindwa, na Wakuba wanne wakafa. Leonard Mitoudidi, kiongozi ambaye Che alimtumainia, alikuwa amezama ziwani mapema mwezi huo. Laurent Kabila, mkuu wa eneo lile, alifika Julai, akakaa siku chache, akarudi upande huu. Tarehe 21 Novemba Wakuba waliobaki walivuka kurejea Kigoma. Ilikuwa imechukua miezi saba.

Baadaye, akiwa amejificha katika ubalozi wa Kuba Dar es Salaam, Che aliandika kumbukumbu za safari ile na hakuficha kuwa walishindwa. Watu wengi husoma humo lawama zake kwa wapiganaji: walitegemea dawa ya kuzuia risasi, walikataa kubeba mizigo, viongozi wao walistarehe Kigoma huku vijana wakifa porini. Hayo yamo. Kwangu sehemu yenye uzito ni nyingine, pale anapojiuliza mkulima wa milima ile angepata nini katika mapinduzi. Mkulima yule alikuwa na ardhi. Hakuwa na kabaila wa kumnyang'anya kama yule wa milima ya Kuba. Wageni walikuja na jibu la swali ambalo watu wa Fizi, eneo lile la milima, hawakuwa wameliuliza. Maswali yao mengine, ya njia, ya dawa hospitalini, ya askari waporaji, yaliguswa kidogo na madaktari wa Kikuba waliotibu wanavijiji, na huenda tiba hiyo ndiyo kazi ya kimapinduzi iliyoeleweka kuliko zote.

Kabila aliendelea. Mwaka 1967 aliunda chama chake, PRP, akashika eneo la milimani Fizi lililoitwa Hewa Bora. Palikuwa na shule, maduka ya chama, mashamba ya pamoja. Palikuwa pia na dhahabu na pembe zilizovushwa ziwa kuja kuuzwa. Mei 1975 wapiganaji wake walivuka usiku wakateka wanafunzi wanne wa kigeni waliokuwa wakichunguza sokwe Gombe, wakadai fidia. Mwaka 1997, akiwa njiani kwenda kuichukua Kinshasa, kundi lake lilikuwa tayari limetia saini na kampuni za kigeni mikataba ya madini ya nchi ambayo halijaitawala bado. Mtu aliyeingia msituni kupigana na ubeberu alitoka msituni akiwa na wino wa mikataba ya madini. Miaka 30 hakuna mkutano wa wanakijiji wa Hewa Bora uliokuwa na uwezo wa kumwondoa au hata kumwuliza dhahabu imekwenda wapi. Hapo ndipo ninapoona chanzo cha kuharibika kwake, zaidi ya tabia yake binafsi.

Sasa Ujamaa. Nitakaa hapa muda mrefu kidogo, mnivumilie.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mabenki na makampuni makubwa yakawa ya umma, na viongozi wakakatazwa kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Mimi ni mmoja wa wanaoamini kuwa lilikuwa tendo kubwa la heshima. Nchi maskini, miaka mitano na miezi miwili hivi baada ya uhuru, ilisema kwa lugha yake yenyewe kwamba binadamu asiishi kwa jasho la mwenzake. Na kuhusu vijiji, Mwalimu Nyerere alieleza waziwazi katika maandiko ya mwaka 1967 na 1968, likiwemo lile la Uhuru na Maendeleo, kwamba kijiji cha ujamaa hakijengwi kwa shuruti, na kwamba watu hujiendeleza wenyewe.

Mfano ulikuwapo. Kule Songea, tangu mwaka 1960, vijana wa chama cha TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa. Walilima pamoja, wakajenga shule iliyofundisha watoto kulingana na maisha ya kijiji, wakaunganisha vijiji vingine katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, mpaka vikafika 17. Mashauri yao waliyakata katika mikutano yao wenyewe. Nyerere aliwapenda, akajifunza kwao. Lakini tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kukivunja chama hicho, na mali yake ikachukuliwa. Ruvuma ilikuwa na kosa moja machoni pa wakubwa wa mkoa na wa chama: haikungoja amri. Nasema hivi kwa masikitiko, kwa sababu naamini kwamba siku ile Tanzania iliuvunja ujamaa wake ulio hai, na baada ya hapo ikabaki na ujamaa wa makaratasi na malori.

Malori yalifika Dodoma mwaka 1971. Mwaka uliofuata ikawa zamu yetu, Operesheni Kigoma. Amri ya nchi nzima kwamba kuishi vijijini ni lazima ilitangazwa Novemba 1973, kwa hiyo Kigoma ilitangulia. Watu walitolewa kwenye kaya zilizokaa kila moja katikati ya migomba yake, wengine wakateremshwa kutoka milimani kuja tambarare, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Mgomba hauhamishiki, wala mchikichi. Mbolea ya miaka mingi iliyolishwa shamba la nyuma ya nyumba ilibaki kule. Mkulima wa milimani anajua mvua yake, udongo wake na wadudu wake. Tambarare alianza kujifunza upya akiwa na watoto wa kulisha. Kusini mwa mwambao, Watongwe waliondolewa katika milima ya Mahale katikati ya miaka ya 1970, na milima hiyo mwaka 1985 ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Waliambiwa wanahama kwa ajili ya maendeleo, na mlango ukafungwa nyuma yao.

Niwe mwadilifu. Vijiji vilileta shule na zahanati mahali ambapo hazikuwapo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na elimu kwa wote ya mwaka 1977, watoto wa wakata mkonge walisoma. Wapo humu ukumbini watu wazima ambao bila kijiji wasingejua kuandika majina yao, na nawaheshimu wanaponiambia nisiitukane Operesheni. Siitukani. Ninachouliza ni kwa nini shule ilibidi ije pamoja na kubomolewa nyumba. Litowa walipata shule bila kubomoa nyumba ya mtu.

Kisha Mei 1976 Serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika vya wakulima, ikaweka mamlaka za mazao. Vilikuwa na wizi, ni kweli. Lakini dawa ya mhasibu mwizi ni wanachama wenye nguvu ya kumfukuza. Badala yake chombo chenyewe kiliondolewa, na sheria ya kukirudisha ikaja mwaka 1982, wakati wanachama wamekwisha kuzoea kwamba ushirika ni ofisi ya Serikali.

Angalieni basi: mkopo wa Unguja, ofisi ya mkonge, bwana malale, kamanda wa mapinduzi, mkuu wa mkoa mwenye operesheni. Nia zao zilitofautiana mno, na ni dhuluma kuwaweka kwenye fungu moja. Nyerere si Taria Topan. Lakini mwenye kaya, wa Buha au wa ng'ambo ya ziwa, kila mara alisimama mahali palepale: anaambiwa. Ndiyo sababu siwaamini wanaotuambia kuwa ujamaa ulijaribiwa ukashindwa. Kilichojaribiwa zaidi ni amri. Na siwaamini vilevile vijana wenzangu wa mrengo wa kushoto wanaotaka turudishe Azimio la Arusha kama lilivyokuwa; hata Azimio la Tabora la mwaka 2015, lililoandikwa na chama cha siasa ambacho wengi mnakijua kwa sababu kiongozi wake wa wakati ule alitoka mkoa huu, litapimwa kwa swali hilohilo la nani anakata shauri.

Nije kwenye leo, na kwenye ziwa. Usiku wa giza mnaziona taa za wavuvi wa dagaa huko majini. Kipe, chombo chao cha kuvulia, kina mitumbwi miwili, wavu katikati na taa za kuwaita dagaa; mwezi ukiwa mpevu kazi inasimama. Wakirudi Kibirizi au Katonga alfajiri, hutolewa kwanza gharama za mafuta, chakula na taa, halafu salio hugawanywa kati ya mwenye vyombo na wavuvi. Nimewasikia wasomi wakisema mgawo huo ndio ujamaa wetu wa asili. Sikubali. Tajiri akiwa na kipe anapata fungu lake akiwa amelala, na mvuvi aliyekopa kwake wakati wa mwezi anaanza giza jipya akiwa na deni. Wanawake wanaoanika dagaa wananunua kwa bei wasiyoipanga na kuuza kwa bei wasiyoipanga. Hata hivyo katika mgawo ule kuna kitu ambacho kipande cha mkonge hakikuwa nacho: mvuvi anaona samaki wote waliopatikana, anajua gharama, anajua fungu lake lilivyopatikana. Hesabu iko mbele ya macho yake. Kinachokosekana ni yeye na wenzake kuumiliki wavu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inawaruhusu.

Na ziwa lenyewe halina mwenye hati. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 nchi nne zinazolizunguka zilikubaliana kusimamisha uvuvi ili samaki wazaliane. Kanuni ya kwamba mali ya wote inapumzishwa na wote ni kanuni nzuri, na soko peke yake lisingeileta. Lakini miezi mitatu ya njaa haikumwelemea mwenye kipe na mbeba wavu kwa uzito mmoja. Kama wavuvi wenyewe wangekaa kwenye meza ya kupanga tangu mwanzo, naamini swali la nani amlishe mbeba wavu lingejibiwa kabla ya ziwa kufungwa.

Upande wa nchi kavu kuna mchikichi. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipokuja kuhimiza zao hili, tumeona miche ya kisasa ya tenera na kazi ya kituo cha utafiti cha Kihinga. Husemwa sana hapa kwamba Malaysia walichukua mbegu Kigoma wakatajirika. Kumbukumbu za zao lile zinaonyesha kuwa michikichi yao ya mwanzo ilitokana na miche minne iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Tusijifariji na hadithi ya kuibiwa mbegu. Tujifunze habari ya wakala wao wa FELDA, ulioundwa mwaka 1956, ambao uliwapa watu wasio na ardhi mashamba, ukawa mkubwa mno, na walima michikichi wakaishia kulalamika kwamba maamuzi yako makao makuu. Wao waliinua zao na bado hawakulijibu swali letu. Sisi tuko mwanzoni, mashine nyingi za kukamua bado ni ndogo, na uamuzi wa nani atamiliki kinu kikubwa bado haujapita.

Ardhi ya kinu hicho, kama iko kijijini, inalindwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji ni msimamizi tu. Haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mtu mzima anayeishi pale. Nguvu hii ni mabaki ya thamani ya enzi ya Ujamaa. Vijiji vilivyoundwa kwa amri vimeachiwa kisheria uwezo wa kukataa amri, na wengi wetu hatuutumii, kwa sababu mkutano ukiitwa tunakwenda sokoni.

Vijana mnaotaka mapinduzi, ombi langu kwenu ni dogo na gumu. Nendeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa wenu. Ombeni mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Ardhi ikitajwa, ulizeni muhtasari uko wapi na nani alipiga kura. Hakikisheni mama wanaoanika dagaa wanapata nafasi ya kusema kabla mkutano haujafungwa. Mkiunda ushirika wa wavuvi au wa wakamuaji wa mawese, wekeni kanuni kwamba daftari hufunguliwa kwa mwanachama yeyote siku yoyote. Na wanafunzi, chukueni daftari mwende kwa wazee mkaandike kilichotokea mwaka 1972: nani alihamishwa kutoka wapi, aliacha nini, alipata nini. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule amekwisha kupita 70. Msingoje mwakani.